Genoveva na Farasi Aliyemwita Shemasi

Genoveva aligundua kwamba watu wanamhesabu mgonjwa wa akili Jumapili moja ya Januari, kwenye maegesho ya kanisa lao dogo la ughaibuni pale Takoma Park. Alikuwa amebeba hotipoti ya ndizi, anahangaika kufunga mlango wa gari kwa kiuno, na Anitha wa kwaya akaja mbio kama wa kumsaidia. Badala ya kufunga mlango, Anitha alimkamata mikono yote miwili pamoja na hotipoti yenyewe, akaanza kusema polepole, neno moja moja.

"Mama Flaviana. Mimi ni Anitha. Unanikumbuka?"

"Anitha, una nini wewe? Juzi si ulikuja kwangu kuchukua cherehani?"

Machozi yakamtoka Anitha. "Bwana asifiwe! Anakumbuka cherehani!"

Ndipo ikajulikana. Anitha, kwa nia njema kabisa, alimweleza kwamba kanisa zima linamwombea tangu Krismasi, tangu Kalisti aliposema kwenye kipindi chake kwamba mwenzake wa zamani, dada yake mpendwa, amepatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na hataweza tena kuendelea na kazi ya kuchambua mbio za farasi. "Alisema kwa uchungu sana," Anitha akasema. "Sauti ilimkatika kabisa."

Genoveva aliweka hotipoti juu ya boneti. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mtakwimu katika ofisi moja ya serikali, mwenye nyumba yake Bowie, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amemaliza peke yake ripoti ya kufanywa na watu watatu. Aliingia kanisani, akaketi, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi watu wanavyomtazama. Mzee mmoja alimfungulia kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa unaotakiwa, kisha akamwonyesha mstari kwa kidole.

Ili ubaya wa jambo hili ueleweke, lazima niseme Kalisti alikuwa nani kwake. Kalisti na Gervas, mume wa Genoveva, walitoka pamoja Bukoba, walisoma pamoja, na Kalisti ndiye aliyesimama bega kwa bega na Gervas siku ya harusi. Gervas ndiye aliyempeleka Genoveva kwenye mbio za farasi mara ya kwanza, kule Laurel, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwao. Gervas alipenda kelele, kofia za akina mama na soseji. Genoveva alipenda kitu kingine. Alipenda kwamba farasi anakimbia leo mbele ya macho yako, anashinda, watu wote wanashangilia, na bado ushindi ule unaweza kuwa uongo.

Gervas alipofariki, Kalisti ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Mwaka uliofuata ndiye aliyemwambia Genoveva, "Dada Geno, haya unayoyajua usikae nayo. Tufungue kipindi." Wakafungua kipindi cha mtandaoni, kwa Kiswahili, wakirekodia kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Kalisti. Wakenya walisikiliza, Watanzania walisikiliza, hata Wakongo wa Silver Spring walipiga simu na Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa. Kalisti alikuwa na sauti nzito tamu, ya mtu anayekusomea viwango vya dau kama anakusomea Zaburi. Genoveva hakupenda maikrofoni. Yeye alitazama mbio, akapima, kisha kila wiki akamtumia Kalisti ujumbe wa sauti mrefu, na Kalisti akausema hewani kwa namna yake. Hata majina ya farasi yalikuwa ya Genoveva. Majina ya Kiingereza yaliwatatiza wasikilizaji, kwa hiyo kila farasi wa maana alimbatiza upya.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuanzia Januari hadi Aprili, msimu unapoanza na farasi wa miaka mitatu wanapojaribiwa huku na huku kabla ya mbio kuu ya Kentucky, Jumamosi ya kwanza ya Mei. "Farasi wa Februari ni kama mvulana aliyeota ndevu darasa la saba," Genoveva alipenda kusema. "Anawapiga wenzake mabao kwa sababu amewatangulia kukua. Subiri wakutane kidato cha nne." Kwa hiyo hakutazama nani ameshinda tu. Aliangalia alishinda vipi, mwendo ulikuwaje, uwanja ulikuwa mkavu au umelowa, na aliowashinda walikwenda kufanya nini baadaye.

Halafu kituo kimoja cha redio cha Nairobi kikakitaka kipindi. Mkubwa wa kituo, kijana mmoja aitwaye Kibet, alitaka kuzungumza na wote wawili. Kalisti hakumwambia Genoveva. Alimwambia Kibet kwamba mwenzake ni mgonjwa, kisha akalisema hilo hewani, na Genoveva, ambaye hakuwa na mazoea ya kusikiliza kipindi, hakulisikia.

Jioni ya Jumapili ile Genoveva aliendesha gari hadi kwa Kalisti. Hakuketi.

"Umewaambia watu nimechanganyikiwa?"

"Sikusema kuchanganyikiwa, dada. Nilisema kumbukumbu." Kalisti alikuwa amevaa kanzu ya nyumbani, ana kikombe mkononi. "Watu wa Nairobi walitaka sauti moja. Ningewaelezaje? Wewe maikrofoni huitaki. Nilitafuta maneno ya kukuheshimu."

"Ungewaambia kwamba hujui farasi."

Kalisti akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Dada Geno, watu hawasikilizi farasi. Wanasikiliza mtu."

"Basi nitawaambia mimi mwenyewe. Nitasimama kanisani."

Hapo Kalisti aliweka kikombe chini. "Simama," akasema taratibu. "Piga kelele. Sema Kalisti kakuibia, Kalisti mwongo. Wataniangalia mimi kwa huruma, halafu watasema, masikini, ndio ugonjwa wenyewe umefika huko."

Genoveva aliondoka bila kuaga. Njiani aliona kwamba Kalisti alikuwa amesema kweli: amemfungia ndani ya uongo ambao kila akiupigia kelele unazidi kukaza. Alipofika nyumbani alimsimulia binti yake Flaviana, anayefanya kazi kwenye mgahawa mmoja kule U Street na ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Mom, that's insane. Just block him and move on."

"Sisogei popote," Genoveva akasema. "Nitamla mzimamzima."

Wiki mbili alisikiliza kipindi cha Kalisti kila Alhamisi, akingoja aanguke. Hakuanguka. Kinyume chake, alizungumza vizuri sana juu ya farasi mmoja wa New York, na katikati ya maneno yake akasema, "Huyu, ndugu msikilizaji, ni mvulana aliyeota ndevu darasa la saba."

Genoveva alizima jiko. Maneno yale juu ya farasi huyo alikuwa ameyasema mara moja tu, mezani kwake, Jumanne, mbele ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Tobias, mdogo wake Gervas, mwanamume mtu mzima anayeendesha teksi na kutengeneza vyombo vya sauti, anayekuja kwake kila Jumanne kula chakula cha nyumbani. Vyombo vya Kalisti pia anavitengeneza yeye.

Hakumkaripia. Jumanne iliyofuata alimpikia Tobias ndizi na utumbo, akamwongezea sahani, akaanza kuongea farasi.

"Shemeji, yule wa Louisiana unamwonaje?" Tobias akauliza.

Genoveva alimweleza. Alimweleza ukweli mtupu, kwa hatua, jinsi ambavyo angempa Kalisti zamani. Alhamisi ukweli ule ukasikika hewani, na Jumamosi farasi wa Louisiana akashinda. Wiki iliyofuata akafanya vilevile. Februari yote na Machi yote alimlisha Tobias, na Tobias akambebea Kalisti, na Kalisti akapanda chati. Kibet alimpa jina, Profesa wa Farasi. Kulikuwa na tangazo lenye picha yake amekunja mikono. Genoveva aliliona tangazo lile kwenye simu akiwa kwenye treni ya Metro, meno yakasagana mpaka abiria wa pembeni akageuka. Lakini alimtaka Kalisti apande, kwa sababu aliyekaa chini haanguki popote.

Mwishoni mwa Machi akatokea Shemasi.

Kwa Kiingereza alikuwa na jina refu lenye shaba na kanisa ndani yake, na Genoveva akamwita Shemasi kwa sababu alitembea shingo juu kama anayebeba msalaba kwenye maandamano. Alishinda mbio kubwa ya Florida akiwaacha wenzake mbali. Magazeti yote ya farasi yalimsifu. Genoveva alirudia kutazama mbio ile sebuleni, taa zote zimewaka, mpaka akaijua kama sala.

Kwanza, aliachwa atangulie bila mtu wa kumsumbua, na nusu ya kwanza ilikwenda kama matembezi. Pili, siku ile kila aliyekimbia karibu na ukingo wa ndani alishinda, hata farasi hafifu. Ardhi ya pale ilikuwa imeshikana vizuri kuliko ya nje. Tatu, na hili ndilo lililomfanya Genoveva asimame, farasi anapomaliza kona ya mwisho hubadilisha mguu. Kwenye kona hutanguliza wa kushoto, akiingia kwenye mstari ulionyooka hutanguliza wa kulia, na mabadiliko hayo humpa pumzi mpya. Shemasi hakubadilisha. Alikimbia mstari mzima kwa mguu wa kushoto, anapinda kuelekea nje kama toroli yenye gurudumu bovu. Florida aliponea kwa sababu waliomfuata walikuwa wamechoka zaidi yake. Kentucky ni mbali zaidi, na wenzake kumi na tisa wasingemwacha atembee.

Jumanne ya wiki ya mbio kuu, Genoveva alipika samaki.

"Shemeji Tobias," akasema, "nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Shemasi hashindwi. Umeona anavyobadilisha mguu kwenye kona ya mwisho? Laini kama siagi. Sijawahi kuona farasi wa miaka mitatu anabadilisha vile. Kila anayejua farasi aangalie mguu wake tu."

Tobias alitikisa kichwa kwa heshima, akaomba ndimu.

Alhamisi Kalisti alitangaza kwamba Jumamosi atarusha kipindi moja kwa moja kutoka ukumbi wa kanisa Takoma Park, mbele ya hadhara, pamoja na Kibet kwenye laini kutoka Nairobi. Kisha akasema, kwa ile sauti ya Zaburi, "Shemasi hashindwi. Angalieni mguu wake, ndugu zangu. Laini kama siagi."

Flaviana, aliyekuwa anasikiliza pamoja na mama yake, alimgeukia polepole. "Mom. What did you do?"

"Vaa vizuri Jumamosi," mama yake akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa tangu mchana. Kulikuwa na sambusa, akina mama wamevaa kofia, na watoto wakikimbizana chini ya meza. Genoveva aliingia na gauni jekundu, na kelele zikapungua. Anitha alimtafutia kiti cha mbele, akamletea juisi yenye mrija, akamshikia glasi. Genoveva alikunywa. Alikunywa yote.

Kalisti alimwona. Alisita kidogo tu, kisha akasema kwenye maikrofoni, "Tunaye hapa leo mtu wa pekee, dada yetu Genoveva. Tumpigie makofi kwa kupigana na ugonjwa." Wakapiga makofi. Wengine walisimama.

Akaendelea. Alipofika kwa Shemasi aliyasema yote, mguu, kona, siagi, hajawahi kuona farasi kama huyu. Watu walikuwa wanatikisa vichwa. Ndipo Genoveva akainua mkono.

"Kaka Kalisti, naomba kuiona mbio ile ya Florida. Nimeisahau."

Ukumbi mzima ukalainika kwa huruma. Kalisti hakuwa na pa kukwepea. Angemkatalia vipi mgonjwa? Tobias akaiweka video ukutani. Farasi wakakimbia, wakafika kona ya mwisho, na Genoveva akasema, "Simamisha hapo, shemeji." Alikuwa ameshasimama.

"Kaka Kalisti, nionyeshe anapobadilisha mguu."

Kalisti alitazama ukuta. "Hapo hapo. Anatoka kwenye kona."

"Anatoka na mguu upi?"

"Huo... wa mbele."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akadhani ni mzaha.

"Ya mbele ipo miwili. Ni wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia," Kalisti akasema. Jasho lilikuwa limeanza kung'aa juu ya mdomo.

"Tobias, peleka taratibu." Video ikaenda taratibu. Genoveva alisogea hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia farasi, akaweka kidole juu ya mguu wa kushoto wa Shemasi na kuufuata hatua kwa hatua. "Wa kushoto. Bado wa kushoto. Wa kushoto tena. Mpaka mwisho wa mbio, wa kushoto. Mtoto yeyote hapa anaona. Farasi huyu habadilishi mguu, na leo atakufia njiani. Angalieni na wale wanaomfuata. Hakuna hata mmoja aliyeshinda mbio yoyote tangu siku hiyo."

Watu walikuwa wamekaza macho ukutani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuamini, walikuwa wanaona.

"Sasa mtajiuliza," akaendelea, amewageukia, "kwa nini Profesa aseme laini kama siagi. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema Jumanne jikoni kwangu, nikila samaki na Tobias, na niliyasema ya uongo makusudi, nione yataibukia wapi. Yale ya Februari na Machi mliyoshangilia pia yalikuwa yangu, na yalikuwa ya kweli. Ya miaka yote ni yangu. Mnaweza kumuuliza Tobias."

Macho yote yakaenda kwa Tobias. Tobias aliinamisha kichwa, na ilitosha.

"Dada Genoveva haumwi, amenitega tu," Kalisti alianza, kisha akajisikia alichosema.

Kwenye spika, kutoka Nairobi, sauti ya Kibet ikatoka wazi, "Ngoja. Bro, haumwi? Si uliniambia huyu mathe ako na memory loss?"

"Mwambie, Kalisti," Genoveva akasema. "Mko hewani."

Kalisti alivua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani kwa uangalifu wa ajabu, akapita mlango wa jikoni. Kibet akaweka muziki.

Mbio yenyewe ilikimbiwa jua likiwa bado juu. Hakuna aliyeondoka. Farasi aliyekuwa chaguo la kweli la Genoveva, mmoja mtulivu aliyemwita Kimya, alishika nafasi ya pili. Ushindi ulikwenda kwa farasi ambaye yeye mwenyewe hakumdhania kabisa, na siku za baadaye alikiri hilo bila kuona aibu. Siku ile hakujali nani anashinda. Alimtazama Shemasi peke yake. Shemasi aliongoza mpaka kona ya mwisho, na kwa kitambo kifupi alionekana kama atanyoosha na kuondoka. Kisha wakampita. Wakampita mmoja baada ya mwingine, na Genoveva, mama mtu mzima, mtu wa takwimu, alikuwa amesimama anapiga meza kwa kiganja akisema, "Zama! Zama! Zama!" mpaka Flaviana akamshika bega. Shemasi alimaliza karibu na mwisho, mzima wa afya, masikini, asiyejua amefanya nini.

Kituo cha Nairobi kilimwondoa Kalisti wiki ileile. Kibet alimpigia Genoveva, akamwomba achukue kipindi yeye. Alikubali, kwa sharti kwamba atasema mwenyewe, kwa sauti yake hiyohiyo kavu.

Tobias alikuja mara moja tu, akasimama kwenye ngazi za mbele. "Shemeji, Kalisti aliniambia ni njia ya kukufanya usisahaulike. Nilidhani nakusaidia. Na wewe ulikuwa unanilisha huku unanitumia?" Genoveva alimkaribisha ndani. Tobias hakuingia, na Jumanne zake zikaishia hapo. Hilo ndilo pekee ambalo Genoveva hulizungumza kwa sauti ya chini.

Kalisti alikuja Juni, na mkewe. Alikuwa amekonda. Watu walikuwa wameacha kumwalika kuongoza harusi, na yeye bila maikrofoni hajui akae wapi. Alipiga magoti sebuleni, chini ya picha ya Gervas.

"Nisamehe, dada yangu. Kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu usimguse. Uliwaambia kanisani, utawaambia kanisani."

Jumapili iliyofuata Kalisti alisimama mbele ya kanisa lote akasema kwamba alidanganya, kwamba Genoveva hakuugua siku hata moja, kwamba alifanya hivyo kwa tamaa ya kusikika peke yake. Alilia, na safari hii kilio kilikuwa cha kweli. Mchungaji akaliita jina la Genoveva, akanyoosha mkono kama anayemwonyesha njia, na waumini wakaanza wimbo wa upatanisho. Kalisti alifungua mikono.

Genoveva alisimama pale kwenye benchi lake. Alitazama mikono ile iliyofunguka, akachukua mkoba wake. Alitoka kwa mlango wa pembeni, kisigino kikilia sakafuni, huku wimbo ukififia kwa sababu watu hawakujua waumalize au waukate.

Flaviana alimkuta kwenye gari. "Mom, he said it. He said everything. You couldn't just hug him?"

"Nilitaka aseme," Genoveva akajibu, akifunga mkanda. "Kumkumbatia sikuahidi."

"So are you happy now?"

Genoveva alifikiri kweli, mkono kwenye ufunguo. Watu walikuwa wanaanza kutoka kanisani, na Anitha alikuwa anawapungia kutoka mlangoni.

"Nimeshiba," akasema, akawasha gari.